Pesa za chama tuzitie kwenye tikiti maji?

Ami Bwana Shamba,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Likoni upande wa Shika Adabu. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi nje ya nyumba, jioni viazi vya karai. Kwetu ni Kinango ya Kwale, ndani ndani. Ukifika mjini bado wapanda boda mpaka njia inakuwa ya mbuzi. Baba yangu ana eka nne pale, na chini ya shamba kuna lambo la kijiji.

Kila mwaka baba hupanda mahindi, na miaka mingi huambulia mabua ya kulisha ng'ombe. Ile mvua iliyokosa misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, ilimmalizia ng'ombe karibu wote. Kisha mwisho wa 2023 ikaja ile ya El Nino, ikazoa hata udongo. Hata hivyo mzee hasikii. Asema nyumba isiyo na mahindi yake ghalani si nyumba.

Sasa kuna jambo limetuingia. Chama chetu tuko wanawake kumi na mmoja, na mimi ndiye mweka hazina. Tuna shilingi 90,000 tulizokuwa tukiziweka tununue viti na turubai za kukodisha harusini. Ndugu yangu mdogo, anayekaa na baba kule, alituletea video ya tikiti maji. Siku themanini tu, eka moja, laki nne! Video hiyo imezunguka simu za chama chote na wenzangu hawalali. Wasema tupande vuli hii ili tuuze Ramadhani, kwa kuwa wakati huo hata tikiti bichi Likoni halikosi mtu.

Ndugu yangu ameshampata mtu wa pampu. Amekuja mpaka shambani, akasimama juu ya ukingo wa lambo, akapiga picha, akasema tutoe 40,000 kwanza za pampu na mipira, nyingine tutalipa tukivuna. Ofa yenyewe ati mwisho wake Ijumaa.

Baba amekataa katakata. Asema lambo ni la watu na mifugo, si la biashara ya vijana. Mimi nikatupia wazo la pojo, yaani ndengu, kwa sababu nimesikia zakomaa haraka na haziogopi jua. Ndugu yangu akacheka, akasema pojo ni chakula cha bweni, hazijamtajirisha mtu. Baba naye akadakia, pojo na kunde ni mboga za wanawake, si shamba. Kwa mara ya kwanza wakakubaliana.

Mume wangu ameniambia nisitie mkono wangu, kwani zikipotea pesa hizo mimi ndiye nitakayeimbwa mtaani. Naogopa ami, lakini nikitazama viti vya kukodisha naona kila chama Likoni kina viti.

Niambie ukweli. Liko zao la haraka la sehemu kavu kama kwetu, litakalotupa pesa kabla ya karo ya Januari? Ni tikiti au ni pojo? Na baba nizungumze naye vipi bila kumvunjia heshima? Vuli hiyo yaja.

Mweka Hazina, Likoni

*

Marahaba mwanangu, na wenzako kumi uwafikishie salamu.

Nianze na lenye tarehe. Ofa ya Ijumaa iache ipite. Ofa za pampu huisha Ijumaa, Jumatatu zimefufuka. Na mtu anayesimama kwenye ukingo wa lambo akapiga picha bila kuuliza maji hayo hubaki kiasi gani mwezi wa pili, huyo anauza pampu, hauzi kilimo.

Sasa tuyapime hayo maji, maana kesi yote iko hapo. Eka moja ina mita za mraba elfu nne na ushei. Tikiti likishatandaa, jua la kaskazi likiwa juu yake, shamba hunywa karibu milimita tano kwa siku. Ukisikia milimita tano waona si kitu. Lakini milimita tano juu ya eka nzima ni lita 20,000. Ule mtungi wa njano wa lita 20 unaoujua, hiyo ni mitungi elfu moja. Kila siku, si kwa msimu. Mipira ya matone hupunguza, kwa sababu maji yanakwenda kwenye shina peke yake, lakini hata ikikuokolea theluthi nzima bado una mitungi mia sita na zaidi kila kunapokucha. Na lambo lenyewe linanyweka na jua. Maji yaliyo wazi msimu huo hushuka nusu sentimita kwa siku au zaidi, yaani karibu shubiri moja kila mwezi, hata kama hakuna mbuzi aliyelamba wala mama aliyechota.

Baba yako hakushika kalamu, lakini hesabu yake imetoka sawa na yangu. Kwa hili la lambo, mzee yuko sawa, na ningemwambia hivyo mbele ya huyo kijana wake.

Wenzako hawajakosea kuhusu Ramadhani. Magharibi ikikaribia hakuna meza ya barabarani isiyo na tikiti, kutoka soko la Kongowea mpaka huko kwenu. Lakini mwezi huo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na miaka hii umeangukia Februari na Machi. Tunda la kuuza Februari ni lazima linyweshwe Januari yote, wakati vuli imekwishakatika na Kinango imeanza kupasuka nyufa. Bei nzuri ya wakati huo inatoka hapohapo: wenye maji ni wachache. Matikiti yapo yanayoshushwa Mombasa kutoka Taveta na kandokando ya Mto Tana, kwa watu wenye mto au chemchemi isiyowaaga. Nyinyi mtashindana nao kwa lambo.

Ile video nayo niliwahi kuletewa, au ndugu yake. Miche elfu mbili, matunda mawili kila mche, shilingi mia kila tunda: laki nne. Kuzidisha hakuna kosa. Ila haikumhesabu nzi wa matunda, anayelidunga tikiti lingali saizi ya ndimu, likaoza kutoka ndani ukidhani linakua. Haikuhesabu matunda yanayotoka yamepinda upande kwa sababu mtu alipiga dawa asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini; dawa ya tikiti hupigwa jioni maua yakishajifunga. Na haikumhesabu dalali. Yeye huja na lori, huzunguka shamba mara moja mikono mgongoni, kisha hukutajia bei ya shamba zima kwa macho. Ukikataa hana wasiwasi. Anajua tikiti lililoiva halina wiki mbili, na anajua kwamba wewe pia wajua.

Kwa hiyo tunapozungumza mazao ya haraka, mimi huuliza haraka ya wapi. Tikiti na pojo zote mbili ziko chini ya miezi mitatu. Lakini tikiti lina kiu shambani na halina subira sokoni. Pojo zina haraka shambani na zina subira ghalani. Mtu wa sehemu kavu, asiye na mto, zinamfaa hizi za pili.

Na haraka ya pojo haikuwekwa ili uhesabu pesa upesi. Iliwekwa kwa ajili ya mvua. Vuli ya huko kwenu huanza Oktoba, na mara nyingi ikifika Krismasi imekwisha. Kuna miaka mvua ya maana ni wiki saba au nane tu. Ukipanda mahindi ya siku mia na ishirini ndani ya mvua ya wiki nane, yanakatiwa maji hasa yanapotoa ndevu. Hapo ndipo mabua ya baba yako yanapotoka. Zao la siku sitini na tano linapita kwenye tundu hilo likiwa limekwishabeba.

Pojo, basi. Dukani watakutajia ndengu, ni hizohizo. Kuna N26, inayoiva kwa siku sitini hadi sitini na tano hivi, na KS20, ambayo punje zake ni kubwa na za kupendeza sokoni lakini inataka siku themanini na zaidi. Kwa Kinango na kwa vuli, chukueni N26, au moja ya zile mpya za KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo: Biashara, Tosha au Karembo. KALRO wana kituo Mtwapa, si mbali na wewe. Waulize ni nani wa Kwale anayeuza mbegu zao msimu huu kabla hujaingia duka lolote. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa ina kibandiko cha kukwangua cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Unatuma namba ile kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na jibu linarudi palepale kukuambia ni mbegu gani. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama dukani. Mwenye duka akinuna, umeshapata jibu la pili.

Eka moja inatosha kilo sita hadi nane. Mstari hadi mstari sentimita 45, mbegu hadi mbegu 15. Pandeni kwenye mvua ya kwanza ya maana, ile iliyolowesha udongo mpaka kina cha jembe, na msingoje ya pili. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanakaa kusikiliza kama mvua ni ya kweli, wiki mbili zinapita, na zile wiki mbili ndizo zitakazokosekana Desemba. Plau ipite kukatisha mteremko, isifuate mteremko, ili kila mfereji ubakishe maji yake. Samadi ya zizi la mbuzi inatosha, kwani pojo hujitengenezea naitrojeni kwenye mizizi. Ukizimwagia mbolea nyingi ya kukuzia utapata majani ya kupigia picha.

Palizi ya kwanza isipite wiki ya tatu. Kisha maua yanapoanza, chuma machache uyakung'ute juu ya kiganja au karatasi nyeupe. Ukiona vijidudu vyembamba vinakimbia, hivyo ni vithiripi, na ndivyo vinavyoangusha maua ukasema ni jua. Dawa moja wakati huo na nyingine vitumba vikianza kujaa, kwa ushauri wa afisa wa kilimo wa wadi, mara nyingi hutosha. Jioni, kama nilivyosema.

Mavuno ndiyo kazi. Pojo haziivi siku moja. Vitumba vya chini vinakuwa vyeusi vya juu vikiwa kijani bado, kwa hiyo mnachuma mara mbili au tatu, na mnachuma asubuhi mapema umande ungalipo, kwa sababu kufikia saa tano kitumba kikavu ukikigusa kinapasuka na punje zinaruka. Leteni turubai mzianike na kuzipura juu yake. Msipure chini kwenye udongo. Kokoto moja kwenye gorogoro la kupimia na mteja wa Likoni hakurudii, wewe mpishi wajua.

Kujua kama zimekauka, hakuna haja ya mashine. Chukua chupa ya glasi kavu, tia pojo na chumvi kiasi, tikisa, ziache kama dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye glasi, pojo bado zina maji, zirudishe juani. Ikianguka chini kavu, tia guniani. Ila chumvi ya Mombasa huwa na unyevu wake yenyewe kwa hii hewa yetu ya bahari, basi ipashe kwanza kwenye sufuria na uiache ipoe, la sivyo utaanika pojo mpaka mwaka mpya.

Adui wa ghalani ni fukusi, na mayai yake hutoka nayo shambani. Nunueni yale magunia ya kuzuia hewa, yenye mifuko miwili ya nailoni ndani. Mnafunga kila mfuko peke yake, kwa nguvu, na mdudu anakufa kwa kukosa pumzi bila dawa. Sharti ni moja tu: msifungue kuchota kibaba kila jioni. Gunia la kula liwe kando.

Kwa nini nasisitiza kuhifadhi? Kwa sababu Kitui ndiyo inayoongoza nchi hii kwa ndengu, na wao pia hutegemea vuli. Januari na Februari magunia yao yanashuka kote, bei inalala. Nyinyi mkivuna Januari na kuuza Januari, mnauza siku ambayo Kitui nzima inauza. Wekeni. Kisha uzeni wenyewe kwa gorogoro milangoni, wanawake kumi na mmoja ni maduka kumi na moja, wala dalali asijue mna kitu. Na wewe mahali pako pa jioni, sahani ya pojo za nazi ina faida kuliko kilo ya pojo mbichi.

Hesabu yenyewe nakupa bila kuipaka mafuta. Tuseme eka mbili. Mkulima wa mvua akitoa magunia matatu ya kilo 90 kwa eka amefanya vizuri, basi mna kilo 540. Kwa bei ya shilingi 80 hiyo ni 43,200. Kwa 120 ni 64,800. Gharama tuseme 30,000: plau, mbegu, vibarua wa palizi na kuchuma, dawa, magunia, usafiri. Mnabaki na kitu kati ya elfu kumi na tatu na elfu thelathini na tano, mkigawana kumi na mmoja ni kanga na mabaki. Na mvua ikikataa mkapata gunia moja kwa eka, kilo 180 kwa 80 ni 14,400, mmepata hasara ya zaidi ya elfu kumi na tano. Hii hesabu hainogi kwenye video. Lakini ni hasara ambayo chama kinaweza kuimeza na kupanda tena masika. Arobaini ya pampu juu ya lambo kavu hakiwezi.

Karo ya Januari? Haitatoka humu. Karo itoke kwenye mahamri. Kitakachowahi kidogo ni kunde. Panda nusu eka, K80 au M66, zinazotoa majani na punje. Wiki ya nne hivi unaanza kuchuma mboga, mara mbili au tatu, kisha unaziacha zitoe maua na kuzaa. Ukiendelea kuzichuma baada ya hapo punje usahau. Majani hayo yakichumwa jioni na kunyunyiziwa maji, yakatoka Kinango alfajiri, yatakuwa Likoni watu hawajaamua mboga ya mchana. Uzuri wako ni kwamba huvuki feri. Anayepeleka Kongowea analipa gari mara mbili na kusubiri foleni mboga ikinyauka. Mafungu ya kunde kila siku kadhaa, kuanzia mwisho wa Novemba, hayalipi karo, lakini yanalipa vibarua wa kuchuma pojo, na hilo si dogo.

Mengine nitayapitia haraka. Mtama wa Gadam huiva kwa miezi mitatu na huvumilia ukame kuliko mahindi, ila kama hakuna mtu wa kufukuza ndege alfajiri na jioni, mtawalimia kwelea. Ufuta unapenda joto la pwani lakini punje zake zinamwagika ukichelewa siku mbili, si zao la kuanzia kwa watu wanaoishi mbali. Mbaazi nashangaa hukuniuliza, na ndizo unazochemsha kila usiku! Haziko kwenye mbio hizi, kwani hata aina za mapema huchukua miezi minne mitano, lakini zipandeni mpakani. Hazina haja ya kubembelezwa.

Sasa baba yako. Usiende na chama. Nenda peke yako, siku utakayolala huko, na usianze na pojo. Mwulize vuli ilikatika lini mwaka jana, na mwaka wa juzi, na ule kabla yake. Wazee wa huko wanazo tarehe hizo kichwani kuliko idara yoyote, kwa sababu wanazihesabu kwa mifugo iliyokufa. Mwulize maji hutuama wapi shambani, na upande gani hukauka kwanza. Kisha mwulize mahindi yake huhitaji siku ngapi. Usimjibie. Mwache akae na hizo namba mbili.

Na mwachieni eka yake moja ya mahindi, hilo lisijadiliwe. Mzee hatapokonywa mahindi na mtu aliyetoka mjini na kitabu cha chama. Mletee tu zawadi ya mbegu ya DH04, ambayo imetengenezwa kwa sehemu kavu na hukomaa kwa miezi mitatu na kidogo. Atainung'unikia, kisha ataipanda kwenye kona, kisha kona itakuwa kubwa. Ukimwambia pia kwamba pampu imekataliwa kwa neno lake, nusu ya mazungumzo imekwisha kabla hujanywa chai.

Ndugu yako usimvunje moyo. Ana jasho na yuko pale, na bila yeye hamna shamba. Wanawake kumi na mmoja hawawezi kupalilia Kinango kwa simu. Mpe miche mia moja ya tikiti aipande siku ileile na pojo, kwa mvua tu, na nyasi kavu zitandazwe chini ya kila shina kuzuia unyevu usitoroke. Avune Januari, auze mwenyewe, pesa iwe yake. Atajifunza nzi wa matunda kwa bei ndogo. Akifaulu, mwaka ujao tuzungumze habari ya kisima, si lambo.

Kuhusu pesa, mume wako ana haki ya kuogopa, lakini dawa yake si kukaa mbali, ni kuandika. Itisheni mkutano, kila mmoja aseme ndiyo au la, na aliyekataa fungu lake lisiguswe. Msitie zaidi ya 35,000 msimu wa kwanza, mnazoweza kuzipoteza zote na bado mkasalimiana. Pesa isiende kwa mkupuo. Ya plau wakati wa plau, ya palizi wakati wa palizi, na ujumbe wa M-Pesa uonyeshwe kwenye kundi siku hiyohiyo. Andikeni kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna, nani anapata nini: baba mwenye ardhi, ndugu yako mwenye jasho, chama chenye pesa. Semeni pia ni misimu mingapi, maana shamba likianza kuzaa, ndugu wengine ambao hujawaona miaka watakumbuka kwamba ni la baba yao pia. Nimeshuhudia magomvi mengi ya mashamba huko bara ya pwani, na machache sana yalianza mwaka wa njaa.

Lililobaki ni ua. Desemba majani ya porini yakianza kukauka, mbuzi wa kijiji kizima wataona eka mbili za kijani na hawatauliza ni za chama gani. Matawi ya miiba yakatwe sasa, jua likiwa bado kali na vijana hawana kazi, yazungushwe kabla ya mvua ya kwanza. Hiyo kazi walipeni kwanza, kabla hata ya mbegu.

Ami yako,
Bwana Shamba